Naondoa Harufu za Watu, Ila Pua Yangu Ilishakufa

Wakuu, kazi yangu ni kuondoa harufu kwenye nyumba za watu. Na mwaka wa tatu huu sisikii harufu yoyote.

Chekeni tu.

Madawa ya kazini ndiyo yaliyoniulia pua. Siri hiyo aliijua mke wangu peke yake, na ndiye niliyezunguka naye aninusie.

Sasa, mwalimu mmoja akachukua chumba kilichokuwa bucha, anafungua chekechea Jumatatu.

"Fundi, ukiitoa hii harufu ya damu nakupa na kazi ya shule zangu mbili. Ukishindwa, mtaa mzima utajua."

Ijumaa nikasugua kila kona, nikawasha mashine ndogo ya ozoni. Hiyo inatoa hewa kali inayoua harufu, hukai nayo chumbani. Baada ya masaa mawili nikaizima, nikamwingiza mama watoto.

"Harufu ipo. Lakini baba watoto..."

"Nimekuuliza ipo au haipo! Mwalimu yuko hapo nje, unataka asikie?"

"Ipo."

Nikachoka kabisa. Nikaenda kununua mashine kubwa, ile ya maghala. Jumamosi nikaiwasha kutwa nzima.

"Ipo, tena imezidi. Ila nilitaka..."

"Basi, inatosha!"

Jamani, nilivurugwa! Jumapili nikaazima ya tatu kwa fundi mwenzangu, nikawasha zote kwa mpigo.

Mchana mwalimu akafika. Kufungua mlango tu, akarudi nyuma anafuta machozi.

"Fundi, umefanya nini humu?"

Nikamgeukia mke wangu, nimefura. "Si hiyo nyama! Mwambie!"

Uvumilivu ukamwishia. "Nyama gani? Nyama iliisha Ijumaa! Hii ni harufu ya mashine zako! Siku tatu nataka kukwambia ufungue madirisha, unanikata kauli!"

Nikatamani ardhi ipasuke.

Mwalimu akanitazama. "Kwani wewe husikii?"

Ikabidi niseme ukweli. Aibu niliyoipata, acha tu.

Tukazima mashine, tukafungua madirisha na kuweka feni mlangoni. Jioni mama watoto akaingia, akavuta pumzi, akacheka. Mwalimu naye akaingia, akatoka ameridhika.

"Kazi ya zile shule mbili nampa mama," akasema. "Mashine atachagua yeye. Wewe utabeba."

Wakuu, nabeba mpaka leo.

Ukimwomba mtu akusaidie pale unapopungukiwa, mwache amalize kuongea.