Kamba ya Mzigo wa Kuni

Kwenye msitu wetu wa kijiji, kule juu ya Hombolo, sheria tuliiweka wanawake wenyewe: kuni kavu tu, zinazovunjika kwa mkono. Panga haliingii. Siku ya kuni ni Jumamosi, na wawili wetu hukaa njiani kukagua mizigo inayotoka. Kijiti kilichokatwa hakifichiki.

Kiangazi kilichopita migunga mitatu michanga karibu na chemchemi ilianza kukauka, imechunwa magome. Kamati yetu ya msitu ikasema mchunaji asipopatikana wiki hiyo, msitu unafungwa kwa wote mpaka mvua. Wengine wakasingizia mbuzi. Nilikwenda kupima: uchunaji ulianzia usawa wa kifua changu. Mbuzi wa kimo hicho sijamwona hata mnadani.

Nikamshuku kila mtu, wa kwanza wifi yangu, dada wa mume wangu. Alikuwa anatoka mapema mno, na mzigo mkubwa mno.

Jumamosi zamu ilikuwa yangu na mama mmoja mzee wa kamati.

"Wifi, tua."

"Siku hizi wewe ni polisi?"

"Tua tu."

Nikahesabu vijiti. Thelathini na kimoja. Nikarudia, thelathini na kimoja, vyote vimevunjwa. Ilibaki kumwomba radhi, jambo nisilolipenda. Nikamsaidia kujitwisha, mkono ukagusa kamba. Ilikuwa na unyevu. Gome bichi la mgunga.

Wiki zote hizo tulikagua kuni, na gome likapita mbele yetu limezifunga.

"Kumbe ni wewe."

"Mimi na nani? Mzigo wako wa Jumamosi iliyopita ulifungwa na nani? Uliutikisa mara mbili, ukasema umekaza vizuri."

Mama mzee akanigeukia. "Basi majina ni mawili."

"Mama, mimi nilifungiwa tu."

"Na ugali ukapika. Mwezi mzima msiingie."

"Wiki mbili, mama."

"Mwezi."

Nimepatana na wauza mbuzi maisha yangu yote. Huyu hakushuka hata siku moja.

Msitu haukufungwa. Sisi wawili tulipikia mabua, macho mekundu kwa moshi. Mwezi ulipoisha wifi akaniletea kamba aliyoisuka kwa viroba vikuukuu. Nikaivuta. Nikaivuta tena, nikainusa.

"Bado huniamini, wifi?"

"Iko moja tu?" nikamuuliza. "Na ya kwako iko wapi?"