Watoto Saba wa Rangi ya Sukari Iliyoungua

Asubuhi hiyo Mama Mkasi aliingia chumba cha nyuma na kikombe cha chai mkononi, kikamponyoka. Haukuwa woga. Mwanamke aliyeshona sare za shule miaka thelathini, na kufuga nyoka kwa miaka kumi na mmoja kati ya hiyo, haogopi ovyo. Kilichomlegeza mikono ni idadi. Jana sandukuni mwa Kito mlikuwa na nyoka mmoja. Leo walikuwa wanane.

Kito alikuwa boa, nyoka wa kigeni wa jamaa ya chatu, ila hatagi mayai. Huzaa watoto hai. Mama Mkasi alimnunua angali mdogo wa kuenea kwenye kopo la vifungo, na tangu hapo hakupata kumwona dume hata kwa mbali. Sasa watoto saba walijinyonganyonga juu ya maranda, wamegandwa na utando, na mama yao akiwatazama kama mgeni aliyekosea mlango.

"Makubwa haya!" akasema, akajibwaga kwenye kiti cha cherehani.

Hajapata pumzi, akaingia shemeji yake, fundi saa, mdogo wa marehemu mumewe. Wote wawili walizalisha boa wa rangi, kila mtu na nyoka wake, daftari moja. Miezi mitano nyuma fundi saa alikwenda mazikoni, akamwachia ufunguo wa nyumba yake ya ng'ambo ya ua ili amlishe Mkaa, dume lake jeusi. Alimwapisha asimpe Mkaa jike lolote, kwani alikwisha kumwekea mchumba mweusi mwenziwe. Mama Mkasi akaapa kwa kaburi la mumewe.

Shemeji akachungulia sandukuni, akahesabu kwa kidole, akainua macho.

"Shemeji, hata wewe?"

"Hata mimi nini?"

"Nyoka hajipi mimba! Miezi mitano, hesabu inaangukia palepale. Na uliapa kwa kaburi la kaka!"

"Chunga ulimi wako. Mkaa nilimpa panya na maji, basi."

"Na hawa wameanguka na mvua?"

Akatoka hadi uani, majirani wakianika nguo, akapaza sauti kwamba mwanamke aliyemheshimu kama mama yake mzazi amemwibia mbegu. Kisha akarudi, mkono ameunyoosha.

"Ufunguo wangu."

Akautoa kwenye msumari ulipokuwa ukining'inia tangu siku ya mazishi, akampa. Miaka yote watu walimletea vitambaa bila kupima, wakijua hata kipande cha ukubwa wa kiganja kitarudi. Leo ameitwa mwizi mbele ya shuka za watu! Baya zaidi, naye akaanza kujishuku. Je, alisahau kufunga sanduku la Mkaa? Lakini nyoka gani huvuka ua, akafanya yake, akarudi kujifungia kwa komeo?

Kazi haingoji machozi. Akachovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, akaanza kuwafuta watoto. Utando ulipotoka, rangi ikajitokeza: sukari iliyoungua, kama ya mama yao. Wa pili, ileile. Wa tatu, ileile. Kufika wa saba akakitupa kitambaa, akalifuata daftari.

Maana rangi ile ni ya kujificha. Mtoto haioneshi mpaka aipokee kwa baba na kwa mama pia. Akiipata upande mmoja tu, rangi hulala ndani isionekane. Mama Mkasi akapekua daftari mpaka ukurasa wa mwaka juzi, walipompa Mkaa dada wa Kito, wa rangi hiyohiyo. Walizaliwa ishirini na mmoja. Chini yake aliandika kwa mkono wake: *Sukari iliyoungua, hakuna hata mmoja.*

"Shemeji!" aliita, dirisha likatikisika.

Fundi saa alikuja amenuna. Akasoma. Akavaa kioo chake cha kazini, akasoma tena. Akawageuza watoto mmoja mmoja chini ya taa, na kila mmoja alivyogeuzwa ndivyo uso wa fundi ulivyozidi kusinyaa.

"Mkaa hana rangi hii, hata iliyojificha," akanong'ona.

"Hana."

"Basi baba yao nani?"

"Hawana. Dume jingine hapa hakuna."

"Haiwezekani!"

"Wako mbele yako, wanakutolea ulimi."

Akakaa sakafuni, juu ya vigae vya kikombe, wala hakuhisi.

"Nisamehe, shemeji."

"Nitakusamehe uani. Uliponitukania ndipo utakaponisafishia."

Akaenda. Akakohoa mara mbili. "Jamani! Shemeji yangu si mwizi! Nyoka amezaa peke yake! Watoto hawana baba!"

Nguo zikabaki mikononi mwa watu, maji yakidondoka. Kisha mama dobi akashika kiuno.

"Na hilo ndilo la kutupigia kelele? Wangu wana baba, na bado nawalea peke yangu!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Mama Mkasi hakucheka. Alisimama mlangoni mpaka shemeji aliporudi na kuutundika ufunguo kwenye msumari wake.

"Haya, nawa mikono uje unishikie taa," akasema. "Baba hawana. Angalau wapate baba mdogo."