Miguu Isiguse Ardhi

Siku yangu ya kwanza katika banda la mbwa pale Malaba, nilikuta watoto wanane wa mbwa wamelundikana juu ya gunia, macho yamefumbwa kabisa. Nikadhani wanaumwa. Nimelea watoto wangu mwenyewe, na nilijua kwamba jicho la mtoto likishikana hupanguswa kwa pamba na maji ya uvuguvugu. Msimamizi wa Banda, mzee aliyekuwa sajenti wa kikosi cha mbwa kabla ya kustaafu, akanikuta nimechutama na pamba mkononi.

"Mama, unafanya nini?"

"Nawafungua macho, boss. Yameshikana."

Alicheka hadi akaegemea ukuta. "Huyo aliyeyafunga atayafungua. Wewe wapime uzito, kisha ukae."

Kukaa kulinishinda. Hata nilipokuwa nasomea ukatekista, Paroko alizoea kuniambia kwamba nasali kama mtu aliyeona gari linaondoka. Kabla ya Malaba nilikuwa kibarua wa ofisi ya mifugo kule Busia, nikishika mbwa wakati wa chanjo ya kichaa. Kisha nikapelekwa Bumala, na huko siku za soko tulichanja mbwa kando ya barabara mpaka jioni. Kazi hizo zilinifaa kwa sababu zilikuwa za mbio. Ndipo kampuni ya ulinzi iliyokuwa na yadi ya malori mpakani ikatafuta mtu wa kulea watoto wa mbwa, na Afisa wa Mifugo akanitaja mimi.

Ninyi vijana mnaofuga mbwa leo mwelewe kwanza jambo hili. Mtoto wa mbwa huzaliwa haoni wala hasikii. Hawezi hata kujipasha joto. Akiachwa peke yake sakafuni hupoa na kufa. Hawezi kukojoa mpaka mama amlambe tumboni. Saa zake za kwanza ni za kunyonya dang'a, yale maziwa mazito yenye kinga ya mama. Macho hufunguka karibu na wiki ya pili, masikio baadaye kidogo, kisha meno, na ghafla unaona aliyekuwa akitambaa sasa anamuuma ndugu yake mkia. Tuliwapima kila asubuhi kwa mizani ya jikoni. Asiyeongeza uzito ana shida, hata kama anacheza.

Kuanzia wiki ya tatu hadi karibu mwezi wa nne kuna mlango uliofunguka ndani ya kichwa chake. Kila anachokutana nacho kwa wema katika majuma hayo, mtu, ng'ombe, pikipiki, mvua juu ya mabati, hukiona kuwa ni sehemu ya dunia. Asichokutana nacho atakiogopa. Sajenti aliniambia hivyo mara nyingi, na mara zote nje ya ukuta kulikuwa na foleni ya malori yakingoja kuvuka kuingia Uganda, breki za upepo zikipiga mlio kama wa nyoka wakubwa.

Hapo ndipo shida yetu ilipokuwa. Wale wanane wa kwanza tuliwatoa mapema kwenda barabarani, wakapata kuhara damu, ugonjwa ambao watu huuita pavo. Tuliwazika wote. Uzao uliofuata, Daktari wa Mifugo akaamuru wasitoke mpaka chanjo ya mwisho. Wakakua wanene na wazuri. Siku ya kwanza yadini, lori likatoa upepo, wakakimbilia chini ya trela wakitetemeka. Hawakufaa kulinda hata kibanda cha kuku.

Mama yao, tuliyemwita Tulia, alipozaa tena, watoto sita, Meneja wa kampuni alikuja mwenyewe bandani. "Huu ni uzao wa mwisho," alisema. "Wakifa au wakiwa waoga, banda linafungwa. Tutanunua mbwa wakubwa Nairobi." Tulia alikuwa amezeeka. Nilijua mbwa mzee hupelekwa wapi banda likifungwa.

Sajenti na Daktari wakagombana mbele yangu. Daktari alikuwa mama kijana, mpole, ila kwenye kazi hakuwa na mchezo.

"Kinga ya mama inapungua sasa," akasema, "na chanjo bado haijashika. Katikati hapo kuna pengo. Ukiwapeleka kwenye lile tope, unawaua."

"Na ukiwafungia, unaniletea kondoo wenye meno," Sajenti akajibu.

Daktari akamtazama Tulia. "Mimi nagombana na ardhi," akasema polepole. "Masikio yao sina ugomvi nayo. Wabebeni. Miguu tu isiguse chini."

Basi nikanunua kikapu kikubwa, nikatandika leso ndani, na kila asubuhi baada ya kusali nikatembea kando ya foleni ya malori na watoto sita wa mbwa mbele ya kifua. Wachuuzi walikuwa wananijua kanisani, lakini madereva hawakunijua.

"Mama, mandazi ngapi?" dereva mmoja aliniita kutoka juu.

"Haya yana meno, boss."

Akachungulia. "Wewe! Unavusha mbwa kwa panya route?" akauliza, kana kwamba nimepita njia za magendo.

"Nawafundisha kelele. Hebu piga honi kidogo, lakini pole pole."

Akapiga. Utingo wake akaangua kicheko. Watoto wakainua vichwa, nikawapa kila mmoja kipande cha nyama, wakalaza vichwa tena. Madereva wakazoea. Wengine walikuwa wakisema, "Mama Mbwa, leta wanafunzi," na kuachia breki makusudi kwa upole.

Nilitaka twende mbele zaidi, karibu zaidi, upesi zaidi, maana niliona majuma yanakimbia. Asubuhi moja, kwenye geti la reli, jike mmoja mwenye doa jeupe kifuani, tuliyemwita Doa, alimwona paka. Aliruka kutoka kikapuni na kuanguka kwenye dimbwi kati ya magurudumu. Kabla sijamfikia, alikuwa amekwisha kulamba yale maji.

Daktari aliposikia hakupandisha sauti. "Mtenge sasa hivi. Anayemshika huyu asiwaguse wale watano."

"Basi mimi nabaki naye," nikasema.

Sajenti akatazama kikapu kama mtu anayetazama msalaba wake. Kesho yake aliondoka nacho. Nilisikia madereva mpaka huku ndani: "Mzee, umekuwa mama mboga?" Naye akajibu kwa sauti ya gwaride, "Nunua ama ufunge mdomo!"

Siku zilipita Doa akiwa mzima, nikaanza kushukuru. Kisha akakataa uji. Kabla ya jioni akatapika, akahara damu. Daktari akamwekea dripu na kunionyesha jinsi ya kumpa maji kwa sindano isiyo na ncha, tone kwa tone mdomoni. Sakafu niliiosha kwa jiki, ile dawa ya klorini, tena na tena. Jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, waliposikia siwezi kuja kusali, walikuja wao, wakasimama nje ya ukuta na kayamba na ngoma. Mama mmoja akauliza, "Kwani tunamwombea mbwa?" Mwenzake akamjibu, "Tunamwombea mwenye mbwa. Mungu atagawanya."

Doa aliishi. Hata hivyo alitoka mifupa mitupu, na majuma yake yalikuwa yamekwisha ndani ya chumba cha saruji.

Siku ya majaribio Meneja alisimama yadini. Lori likarudi nyuma, breki zikapiga. Wale watano waliinua masikio, kisha wakaendelea kunusa matairi. Sajenti alifuta macho akisingizia vumbi. Banda likasalimika, na Tulia akaachwa azeekee pale. Doa alikuwa amejificha katikati ya miguu yangu, akitetemeka.

"Huyo hapana," Meneja akasema.

Hakukosea. Mlango ule ukifungwa, unaweza kupitia dirishani, ila utachubuka. Niliomba nimchukue, akakubali.

Sasa nimestaafu. Nyumba yangu haiko mbali na reli, na asubuhi bado miguu yangu inataka kwenda kazini. Mtoto wa mbwa hakungoji umalize haraka zako, wala hakui upesi kwa sababu wewe una hofu. Mungu ameweka majuma yake, nasi tumepewa kuyatumia tu. Yaliyotupita tunayaokota kidogo kidogo, kwa nyama na sauti ya chini, bila kumvuta kamba.

Hivyo ndivyo ninavyotembea na Doa. Kwa miezi mingi alikuwa akifika duka la mwisho kabla ya barabara kuu, anaketi, nami nasimama. Wiki iliyopita alilipita duka hilo. Alikwenda hadi kwenye lori lililoegeshwa, akanyoosha shingo, akanusa tairi moja. Breki za lori jingine zikapiga, akarudi mbio nyuma ya sketi yangu. Nilimshukuru Mungu kwa lile tairi moja.