Sentensi ya kumi ya Mama Ndoo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Ndoo anapiga deki korido ya ghorofa ya tatu huku midomo ikicheza. Ukimsogelea utamsikia: "I look after my mother." Anasuuza tambara, anakamua, anarudia.

Wenzake walimpa jina hilo kwa kuwa hamwazimi mtu ndoo yake. Ana miaka hamsini na mitatu, kumi na tisa ameimalizia kwenye sakafu za hospitali hii. "Magoti yalishastaafu," anasema. "Nimebaki mimi tu."

Alhamisi ana usaili wa kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba inayosimamiwa na wageni kutoka ng'ambo. Huko atashughulika na watu, aachane na kuinamia sakafu. Ameshafeli mara mbili, zote kwa sababu ya Kiingereza.

"Nilijua look ni kutazama, after ni baada ya. Nikajiuliza, nimtazame mzee baada ya nini? Baada ya chai?" Anacheka, kisha anashika kiuno. "Kumbe yakikaa pamoja ni kutunza. Jamani! Kazi niliyoifanya maisha yangu yote, nimeshindwa kuitaja."

Mwalimu wake wa jioni, mkutubi mstaafu, hataki mifano ya vitabuni. Kila mwanafunzi alete sentensi tisa za kweli kutoka nyumbani kwake. Ya kumi ni jibu la swali lake mwenyewe mwalimu.

Mama Ndoo anachomoa zake mfukoni, zimeandikwa nyuma ya ratiba ya zamu. Anamtunza mama yake aliyepooza upande mmoja. Anatunza wajukuu wawili, na mdogo wake wa kiume ambaye kila mwezi anaahidi kuhama. Hata kuku wa jirani wamo.

Swali la mwalimu lilikuwa: Who looks after you? Yaani, wewe nani anakutunza?

Wiki mbili hakuandika kitu.

"Nilimwomba abadilishe swali, akakataa. Nikalia mbele ya darasa, mtu mzima mimi. Nimechoka, mwanangu. Nimechoka mno."

Jana alikuwa anajisomea sakafuni, kando ya kitanda cha mama yake. Mama akauliza anasoma nini, naye akamweleza swali.

"Alinyoosha ule mkono mmoja unaofanya kazi, akaanza kunikanda bega. Mpaka akasinzia."

Anaikunjua karatasi. Mstari wa kumi umejazwa kwa penseli: My mother looks after me.

"Alhamisi na waniulize," anasema, na kuibeba ndoo.