Safari ya Yafa yamtia wivu mshonaji wa Lidcombe

Saa moja kasorobo asubuhi, Aline Katungu anapitisha uzi kwenye tundu la sindano bila miwani, kisha anakanyaga pedali ya cherehani. Pembeni yake kuna lundo la mashuka ya hospitali yaliyochanika. Kabla ya saa sita atakuwa ameyashona yote.

Mama huyu wa miaka 54, mzaliwa wa Butembo, mashariki mwa Kongo, ana mwaka wa tisa katika kiwanda hiki cha kufulia nguo huko Lidcombe, Sydney. Kwao alikuwa fundi cherehani. Ndiyo maana, anasema, katika Biblia nzima hampendi mtu kama Tabitha wa Yafa, aliyewashonea wajane nguo, akafa, na Petro akamfufua.

"Manabii ni wengi. Fundi wa nguo njo yule mmoja tu," anasema, "njo" ikiwa ni "ndiye" kwa Kiswahili cha kwao.

Ni yeye aliyelishawishi kanisa lake liandae safari ya Yafa, mji wa kale wa bandari nchini Israeli. Mwaka mzima aliwafundisha wenzake kitabu cha Matendo ya Mitume, chenye kisa cha Tabitha. Lakini hati yake ya kusafiria, wanayopewa wakimbizi, ilichelewa. Siku kumi kabla ya safari, nafasi yake akapewa muumini mwenzake Jepchumba, muuguzi Mkenya wa hospitali ya Westmead, mwenye pasipoti tayari. Hati ilipofika, kundi lilikuwa limeshaondoka wiki nzima kabla.

"Nililia. Haikuwa huzuni, ilikuwa wivu," anasema bila kuficha. "Picha alizotuma, nilifuta. Ya bahari, nafuta. Ya ngazi za mawe, nafuta."

Kundi liliporudi, Jumapili ya ushuhuda ikawa mbaya zaidi. Jepchumba alionyesha picha ya mlango uliofungwa wa nyumba inayosemekana ni ya Simoni mtengenezaji wa ngozi, alikokaa Petro.

"Kusema ukweli, ni nyumba tu," aliwaambia waumini. "Na jua lilikuwa kali, tukaenda kutafuta aiskrimu."

Katungu akasimama, akatoka.

"Mimi ningepiga magoti pale mlangoni! Yeye anakumbuka aiskrimu!" anasema.

Jepchumba alimfuata hadi kwenye maegesho ya magari. "Mama Katungu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mwanangu. Nakuonea wivu mpaka chakula hakipiti."

Muuguzi yule akasema, "Hata mimi nakuonea. Nilisimama pale nikingoja kuguswa moyo, wapi! Nikajua wewe ungeguswa."

Je, maneno hayo yalimtuliza? Katungu anacheka. "Nilifurahi kidogo. Mungu anisamehe."

Sasa hati anayo, na ameomba likizo ya Aprili. Jepchumba amejitolea kumsindikiza, kwa kuwa njia anaijua.

"Nimemkatalia," anasema Katungu, akivuta shuka lingine. "Nitauliza njia kwa wenyeji. Safari hii acha nione mimi, halafu yeye akae kanisani anisikilize."