Mama Gundi, Asiyesoma Nota, Aliyeirudisha Konseto Jukwaani

Saa mbili na robo asubuhi, chumba cha mwisho kwenye korido ya maktaba ya chuo cha muziki kinanukia gundi ya unga na karatasi kuukuu. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, aproni juu ya gauni la maua, anachokonoa kwa maharazi, ile sindano nene ya kutobolea, mgongo wa kitabu kinene kuhusu maisha ya mtunzi mmoja wa muziki wa zamani.

"Huyu mwenye nywele timtim ananisumbua kila mwaka," anasema, akiigonga picha ya jalada kwa kidole. "Wanafunzi wanampenda, basi wanamchanachana. Wenzake wale wa mawigi wametulia, hawanipi shida."

Chuo kizima humwita Mama Gundi. Kwa miaka ishirini na miwili amejalidi vitabu vya watunzi na maelfu ya kurasa za nota, na hajui kusoma nota hata moja. Halifichi jambo hilo. Mwonyeshe ukurasa wa muziki, atakuambia umelowa mara ngapi na nani aliukunja vibaya. Ukitaka kujua unaimba nini, atakuelekeza mlango wa pili.

Ujuzi huo nusura utupwe mwaka huu. Mwanzoni mwa muhula, katibu wa chuo, bwana mkakamavu asiyeachana na shada la funguo, alimletea barua. Nota siku hizi ziko kwenye kompyuta, ilisema. Makabati ya karatasi za zamani yatatupwa, chumba cha kujalidi kitafungwa, na fundi wake atashukuriwa kwa utumishi wake.

"Niliisoma mara tatu nikidhani nimevaa miwani ya mtu," anakumbuka. "Nilipofika nyumbani nililia, sikuona haya. Mume wangu ni fundi viatu, si mtu wa maneno. Akaniambia, 'Mama watoto, kama ni kuondoka, ondoka umemaliza kazi iliyo mezani.'"

Iliyokuwa mezani ilimtosha. Kwenye kabati la kwanza kufunguliwa kwa ajili ya kutupwa ilikutwa konseto ya fidla, yaani utungo ambao fidla moja hutangulia na okestra nzima huijibu. Iliandikwa kwa mkono na mwalimu aliyekianzisha chuo, marehemu sasa. Haikuwahi kuchapishwa wala kurekodiwa, na nakala nyingine hakuna.

Mchwa walikuwa wamekwisha kukila chote kitabu cha mwongozaji wa okestra. Vitabu ishirini na vinne vya wapigaji walivila ukingo wa juu tu, lakini ndipo palipokuwa na namba za kurasa. Nyuzi zilikuwa zimeoza. Kabati lilipoinamishwa, karatasi 286 zikamwagika sakafuni, za fidla, za filimbi na za tarumbeta zikachanganyika.

Mama Gundi alikwenda ofisini kwa katibu akaomba wiki sita. Konseto ile ikipigwa kutoka kwenye karatasi zilezile, chumba kibaki. Isipopigwa, ufunguo ataurudisha kwa mkono wake. Mwongozaji wa okestra, aliyekuwapo, akaunga mkono. Katibu akakubali huku akicheka, maana kwake yeye lilikuwa shauri lililokwisha.

Sasa mtu asiyejua nota atazipangaje? Alianza na matundu ya sindano.

"Kila aliyeshona alikuwa na mkono wake," anaeleza. "Huyu anatoboa karibu karibu, yule anaruka. Unaweka tundu juu ya tundu. Karatasi zisizo ndugu zinakataana zenyewe."

Kwa njia hiyo alipata marundo ishirini na manne. Ndani ya kila rundo alifuata wino, kwa sababu ukurasa uliofunikwa miaka mingi huacha kivuli chake kwenye ukurasa wa jirani. Palipofifia kivuli alifuata madoa. Mume wake alimtilia nta uzi mpya jioni, akimtania kwamba sasa anashona viatu vya malaika.

Wiki ya tano vitabu ishirini na vitatu vilikuwa tayari. Kikabaki cha selo, fidla kubwa inayopigwa ikiwa imesimamishwa sakafuni. Kitabu hicho kiliwahi kumwagikiwa maji, na doa lilipenya kutoka karatasi ya kwanza likipungua hadi kuwa tone kwenye ya kumi. Mama Gundi alizipanga kwa doa.

Mwongozaji akapita kuangalia. Selo ndiyo ala aliyosomea. Karatasi ya tatu na ya tisa zinafanana kama pacha, kwa kuwa wimbo mkuu hutokea mwanzoni kisha hurudi mwishoni. Akavuma kidogo puani, akazibadilisha nafasi.

"Hapa umeteleza, mama. Muziki unakwenda hivi."

"Lakini baba, doa linakataa."

"Doa ni doa, muziki ni muziki. Wewe shona."

Akashona. Bosi ni bosi. Ila hakushona mshono wa kudumu. Alizipiga bandi tu, kama fundi cherehani anayejua mwenye nguo atarudi.

Mazoezi yalifanyika Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya onyesho. Katibu alikaa safu ya mbele, mikono kifuani. Mama Gundi alisimama mlangoni.

Okestra ikaanza vizuri. Fidla ya mbele ikapaa, filimbi zikaifuata. Ukafika wimbo mkuu, na selo mbili zinazosomea stendi moja zikashika njia yao zenyewe. Fidla zikasita. Tarumbeta zikafyata mkia. Wakarudia, ikawa vurugu zaidi, mpaka mpiga ngoma akacheka.

Katibu akasimama. "Mmejionea wenyewe. Tusipoteze muda na mabaki ya mchwa."

Hapo Mama Gundi alitembea. Alipita katikati ya viti, akachukua kitabu cha selo kwenye stendi bila kumwomba mtu, akatoa mkasi kwenye mfuko wa aproni. Akaikata bandi. Ya tisa akairudisha mahali pake, ya tatu mahali pake, akazibana kwa vibanio vya nguo.

"Jaribuni tena," alisema.

Mwongozaji alimtazama, akatazama doa, akainua mikono.

Wakapiga. Selo zikaingia mahali pale pale zilipovurugika, na safari hii zikaibeba fidla mabegani mpaka mwisho. Hakuna aliyeacha kupiga. Nota ya mwisho ilipozimika, mpiga ngoma alianza kupiga makofi, wengine wakagonga stendi kwa pinde zao.

"Mimi nilisikiliza kichwa changu," mwongozaji anakiri leo. "Yeye alizisikiliza karatasi. Nilimwomba radhi mbele ya watu, na ningeomba tena."

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa hadi ngazini. Konseto iliyolala kabatini miaka thelathini na minane ikapigwa yote, na watu wakasimama. Mwongozaji akamwita fundi wake jukwaani. Alipanda akiwa na aproni, akainama kama alivyoona wapigaji wakiinama, na mume wake akapiga mluzi mkali hadi wa mbele wakageuka.

"Nilifurahi mpaka nikasahau njia ya kushukia," anasema, na anacheka tena kana kwamba ni jana.

Barua ya kufunga chumba imefutwa. Mshahara wake ungali ule ule wa wahudumu, na anasema hilo atalipigania muhula ujao. Kwanza kuna makabati mengine kumi na moja, na anataka kila utungo uliomo humo usikike walau mara moja yeye akiwa hai.

Mlango unagongwa. Ni katibu mwenyewe, jasho likimtoka, amekumbatia sanduku la mbao.

"Mama, hizi zimetoka chuo cha jirani. Wamesikia habari zako. Ni konseto nyingine, lakini imeliwa vibaya."

"Mchwa wamo bado?"

"Nadhani wamo."

"Basi watoe nje kwanza, wao hawakualikwa." Anafuta meza kwa aproni, anavaa miwani. "Halafu karatasi nirudishie hapa. Mwakani hii nayo inapigwa."