Mchunga wa Mwanaidi

Laiti ningemkatalia mwalimu aliponipa kazi ya kuandika vikaratasi vya maelezo ya mimea ya wenzangu, eti kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Kila nikisikia harufu ya mchunga unaochemka kwa nazi, kazi ile hunirudia, na mboga hiyo naisukuma kando.

Tulikuwa darasa la saba, kijijini kwetu Mbwera. Mtaalamu wa mimea alikuja kwa boti, akatufundisha kwamba mchunga na kishonanguo ni ukoo mmoja na alizeti: unachodhani ni ua moja ni maua madogo mengi yaliyobanana. Mchunga asili yake ni Afrika. Kishonanguo kimetoka Amerika. Tulicheka sana. Kishonanguo, kinachotuganda kwenye kaptura kila tukienda shamba, kiwe mgeni? Akaahidi kwamba atakayekausha mimea hiyo na kuieleza vizuri kuliko wote, atamtafutia nafasi ya sekondari ya bweni.

Wa kwanza darasani nilikuwa mimi. Lakini mimea yangu iliota ukungu. Ya Mwanaidi, binti wa baba yangu mdogo, ilikauka safi, hata rangi haikupotea. Aliilaza chini ya gunia la mpunga kwenye dungu, kibanda chetu cha juu ya nguzo kule shambani. Bibi yetu aliita majirani waje kuiona.

"Na wewe bwana wa kwanza," akaniambia, "yako umeipika?"

Wakacheka wote, Mwanaidi kuliko wote. Kifua kiliniwaka.

Kesho yake Mwanaidi alinitajia maelezo yake bila kusita, nimwandikie. Nikaandika kinyume: mchunga umetoka Amerika, kishonanguo Afrika. Kwenye yangu yenye ukungu nikaandika sawasawa.

Mtaalamu aliporudi alisoma kikaratasi cha Mwanaidi, akatikisa kichwa. "Amekausha vizuri, lakini hakusikiliza somo." Nafasi nikapewa mimi.

Mwanaidi aliinama, akasoma, akaninong'oneza: "Kaka, mbona sivyo nilivyokwambia?"

"Umesahau mwenyewe," nikamjibu.

Hakubisha. Nikadhani ameniamini. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alinyamaza ili nisiaibike mbele ya Bibi na darasa zima, na kwamba siku ile ndiyo ya mwisho kuniita kaka.

Mimi nilisoma, yeye aliolewa kijiji cha Mbuchi, akabaki na jembe. Sasa sote ni wazee. Tukikutana misibani hunisalimu kwa jina langu, kwa adabu, kama anavyomsalimu mgeni. Sikuzaliwa na dada mwingine. Nilikuwa naye huyo mmoja, nikampoteza kwa mkono wangu.